Honi ya Sauti za Kati kwa Spika ya Inchi 12: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Salaam kwako mwandishi wa safu hii. Mimi ni fundi seremala hapa Morogoro, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitengeneza makasha ya spika kwa ajili ya kumbi za harusi na makanisa. Nimepata spika mbili za inchi 12 ambazo karatasi yake inaonyesha kwamba Fs (masafa ambayo koni hutikisika yenyewe) ni hezi 70, Qes (kipimo cha jinsi sumaku inavyoidhibiti koni) ni 0.32, Vas (ujazo wa hewa wenye ugumu sawa na ule wa ukingo wa koni) ni lita 40, na eneo la koni ni sentimita za mraba 530. Ningependa kuzitengenezea honi ya mbao, yaani bomba linalotanuka kutoka koo jembamba kwenye spika hadi mdomo mpana, ili zibebe sauti zote za kati, kuanzia hezi 200 hadi hezi 3,000, kisha juu yake niweke tuita ndogo tu, ile spika ya sauti nyembamba. Rafiki yangu ameniambia kuwa honi ikichongwa vizuri, spika yoyote itafika huko. Je, nianzie wapi kupiga hesabu, na vipimo vya honi yenyewe viwe vipi?
Fundi seremala, Morogoro

JIBU: Ndugu fundi, nakushukuru kwa kuleta namba za karatasi pamoja na swali lako, kwa sababu bila namba hizo ningebaki kukupa maneno ya jumla ambayo hayakati mbao. Nianze na habari ambayo huenda hukuitarajia: rafiki yako amekosea. Honi huamua sauti itaanzia wapi chini, lakini mahali itakapoishia juu huamuliwa kwanza na spika yenyewe, na hakuna mchongo wa mbao utakaobadilisha jambo hilo.

Chukua Fs uigawe kwa Qes, kisha uzidishe kwa 2. Kwa spika yako, 70 ikigawanywa kwa 0.32 na kuzidishwa kwa 2 inatoa hezi 437 hivi. Namba hiyo inaonyesha mahali ambapo uzito wa koni na koili yake unaanza kuishinda nguvu ya sumaku ndani ya honi. Chini ya hapo sumaku inaitawala koni bila shida. Juu ya hapo nguvu ya sauti inapungua kwa takriban desibeli 6 kila masafa yanapoongezeka maradufu. Ukikaa mbele ya honi, moja kwa moja kwenye mstari wake wa katikati, hutausikia upungufu huo wote, kwa kuwa kadiri masafa yanavyopanda ndivyo honi inavyokusanya sauti katika mwale mwembamba zaidi na kukuelekezea wewe. Hata hivyo waumini walioketi pembeni mwa kanisa watausikia, na wao pia wamekuja kusikiliza.

Kikomo cha pili kinatokana na ukubwa wa koni. Sauti inayotoka ukingoni mwa koni ya inchi 12 inasafiri kuelekea katikati kabla ya kuingia kwenye koo la honi, huku ile ya katikati ikiingia moja kwa moja. Tofauti ya njia hizo ikifika sentimita 10, basi kwenye hezi 1,740 hivi, ambako nusu ya urefu wa wimbi ni sentimita 10, sauti ya ukingoni na ya katikati zinakutana zikiwa kinyume na kufutana. Kikomo cha tatu ni hewa iliyonaswa kati ya koni na ubao wa koo, ambayo nitaieleza nikifika kwenye kipande cha mbao cha katikati. Nikiziweka hesabu zote tatu pamoja, ushauri wangu ni kwamba honi yako ifanye kazi kuanzia hezi 250 hadi hezi 800, na kuanzia hapo kazi ikabidhiwe kwa spika ya mgandamizo (inayosukuma hewa kupitia tundu dogo) yenye honi yake ndogo, kwa sababu tuita ya kawaida haiwezi kushuka hadi hapo bila kuungua. Usione kuwa ni masafa machache. Sehemu kubwa ya nguvu ya sauti ya mwimbaji, ya zumari na ya gitaa la kati imo humo. Hata wahandisi wa Altec Lansing nchini Marekani, waliotengeneza familia ya spika za sinema zilizoitwa Voice of the Theatre kuanzia miaka ya 1940, hawakuivuka mipaka hiyo: katika muundo wao wa A7 spika ya inchi 15 iliwekewa honi fupi mbele yake, na sauti ikakabidhiwa kwa honi ya juu kwenye hezi 800, na katika toleo jingine kwenye hezi 500.

Sasa tuingie kwenye koo. Eneo la koo linalolingana na spika yako hupatikana kwa kuzidisha Fs, Qes na Vas, kisha kuzidisha kwa mara mbili ya pai na kugawanya kwa mwendo wa sauti hewani, ambao katika joto la kwetu la nyuzi 28 hivi ni mita 348 kwa sekunde. Jibu ni sentimita za mraba 162, yaani koni itakuwa inasukuma hewa kupitia tundu dogo mara tatu na zaidi kuliko yenyewe. Mimi singebana kiasi hicho. Koni ya karatasi ya inchi 12 haikuundwa kwa mgandamizo mkubwa, na koo likitanuliwa hadi sentimita 15 kwa 15, yaani sentimita za mraba 225, uwiano unashuka hadi 2.4 hivi kwa 1, ilhali hasara ya ufanisi ni ndogo mno kiasi kwamba sikio haliwezi kuitambua. Kuhusu faida utakayoipata, namba zako zinaonyesha kwamba spika hii ikiwa kwenye kasha la kawaida hugeuza asilimia 4 hivi tu ya umeme kuwa sauti. Ndani ya honi iliyopigiwa hesabu vizuri inaweza kupita asilimia 20. Amplifaya ile ile inakuwa kama umeinunua mara tano.

Mdomo wa honi ndio unaotugharimu mbao. Kanuni ni kwamba mzingo wa mdomo ufikie angalau urefu wa wimbi moja la masafa ya chini kabisa ambayo honi imechorewa. Ili uitumie kuanzia hezi 250 bila wasiwasi, ichore kwa hezi 180, kwa kuwa honi iliyo karibu sana na kikomo chake cha chini hutoa sauti yenye mabonde na vilima. Wimbi la hezi 180 lina urefu wa sentimita 193; mdomo wa mduara wenye mzingo huo una eneo la sentimita za mraba 2,975, na mdomo wa mraba wenye eneo hilo una karibu sentimita 55 kila upande, yaani sentimita za mraba 3,025. Mdomo ukiwa mdogo kuliko huo, wimbi likifika ukingoni hukuta mabadiliko ya ghafla, na sehemu yake hurudi kooni kama mwangwi ndani ya kisima.

Kati ya koo na mdomo, honi ya eksponensheli hutanuka kwa namna ambayo eneo lake huongezeka maradufu kila baada ya umbali ule ule. Kwa hezi 180 umbali huo ni sentimita 10.7, na kutoka eneo la 225 hadi 3,025 tunahitaji urefu wa sentimita 40. Ukizitaka namba za njiani, eneo kwenye sentimita 10 kutoka kooni ni 431, kwenye 20 ni 826, na kwenye 30 ni 1,581.

Hapa ndipo useremala wako utakaponufaika, kwa kuwa kupinda pande zote nne ni kazi ya kuchosha isiyo na lazima. Fanya ubao wa juu na wa chini uwe bapa, ukinyooka kutoka kimo cha sentimita 15 kooni hadi 45 mdomoni, kisha uiache mikunjo yote kwa kuta mbili za pembeni. Kimo kitakuwa 15, 22.5, 30, 37.5 na 45 kwa kila hatua ya sentimita 10; ukigawanya eneo la kila hatua kwa kimo chake, upana utakaoupata ni 15, 19.2, 27.5, 42.2 na 67.2. Kuta za pembeni zipinde kwa plaiwudi nyembamba ya milimita 4, tabaka tatu moja juu ya nyingine, zikigandishwa kwa gundi ya mbao na kubanwa kwa klampu usiku kucha.

Kuna kosa moja ambalo nimeliona kwa mafundi wazuri kabisa, na ninakuomba ulikwepe. Ubao wa juu umelala kwa mteremko, hivyo urefu wake halisi si sentimita 40 bali ni 42.7. Ukichora upana wa kila hatua moja kwa moja juu ya ubao, alama zako zisiwe kila sentimita 10 bali kila sentimita 10.68, la sivyo honi nzima itatoka fupi na itatanuka haraka kuliko hesabu. Chora nusu ya upana kila upande wa mstari wa katikati, pigilia misumari midogo kwenye alama, kisha pindisha kipande chembamba cha mbao au rula ya chuma juu ya misumari hiyo ili upate mkunjo laini wa kukatia.

Kasha la nyuma watu wengi hulikisia kwa macho, nami nasikitika kwamba hivyo ndivyo honi nyingi nzuri zinavyoharibiwa. Hewa iliyo kooni, karibu na kikomo cha chini, huielemea koni kama mzigo wa ziada. Hewa iliyofungwa nyuma ya koni hufanya kazi kama springi. Springi ikilingana na mzigo, vitu hivyo viwili hufutana na koni hubaki huru. Paul Klipsch, Mmarekani aliyejulikana kwa honi zake za kona tangu miaka ya 1940, aliifanya kanuni hii kuwa nyepesi kukumbuka: zidisha eneo la koo kwa umbali wa kuongezeka maradufu, kisha zidisha kwa 2.9. Kwako ni 225 mara 10.7 mara 2.9, ambayo ni lita 7. Kwa kuwa ukingo wa koni nao una ugumu wake, ambao karatasi yako imeuandika kama Vas ya lita 40, kasha lenyewe linaruhusiwa kukua hadi lita 8.4.

Ujazo huo ni mdogo kuliko unavyodhani. Kasha la mraba la sentimita 32 kwa 32 lenye kina cha 15, ambamo spika yako itaingia kwa shida, lina lita 15.4. Likate kona zake nne ili liwe la pembe nane, au zijaze kona hizo vipande vya mbao, litashuka hadi lita 12.7; ukitoa nafasi inayochukuliwa na sumaku, fremu na uwazi wa mbele ya koni, ambavyo pamoja ni kama lita 4, utakuwa umefika. Lifunge lisivuje hata kidogo, na waya upite kwenye tundu lililozibwa kwa gundi.

Mbele ya koni, kati yake na ubao wa koo, kuna hewa ambayo katika spika ya inchi 12 inaweza kufikia lita 1.7. Katika masafa ya chini hewa hiyo husukumwa yote kuingia kooni. Katika masafa ya juu hubanwa papo hapo na haifiki popote. Eneo la koo likizidishwa kwa mwendo wa sauti na kugawanywa kwa ujazo huo na kwa mara mbili ya pai, tunapata hezi 730 hivi, ambazo hazifiki hata 800 tunazozitaka. Dawa yake ni kipande cha mbao chenye umbo la koni, kilichokerezwa kwenye mashine, kinachoshikiliwa na kipande chembamba kinachokatiza koo na kuingia katikati ya koni ya spika kikiacha nafasi ya sentimita 1 pande zote. Ukipunguza ujazo hadi lita 1, kikomo kinapanda hadi hezi 1,250, na kipande hicho hicho kinarefusha kidogo njia ya sauti ya katikati, hivyo kinasaidia pia lile tatizo la kufutana. Kabla ya kufunga, washa muziki kwa sauti kubwa spika ikiwa mkononi na uangalie koni inacheza kiasi gani. Chini ya hezi 250 krosova, yaani kifaa kinachogawa masafa kati ya spika, itakuwa imeizuia, lakini fundi mwingine akisahau kuunganisha krosova, koni itagonga mbao.

Mwisho wa kazi ya mbao, gonga kuta kwa kifundo cha kidole. Zikilia kama ngoma, ongeza mbavu za nje au jaza mchanga mkavu kati ya ukuta wa honi na kasha la nje. Kuta zinazotetemeka hutoa sauti yao wenyewe, na sauti hiyo huwa mbaya zaidi pale pale ambapo maneno ya mwimbaji yanahitaji kueleweka.

SWALI: Sisi ni kikundi cha taarab hapa Mombasa na tunabeba vyombo vyetu kwa pikapu ndogo. Tungependa honi kama hiyo, lakini mdomo wake usizidi sentimita 35 kila upande. Je, tukipunguza mdomo tu na kuacha mengine yalivyo, kuna ubaya gani?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ubaya upo, na utausikia katika sauti ya mwimbaji kabla ya kuuona kwenye kipimo chochote. Mdomo wa sentimita 35 kwa 35 unalingana na hezi 280, kwa hiyo krosova italazimika kupanda hadi karibu hezi 350. Ukichora honi upya kwa hezi 280, urefu wake unakuwa sentimita 17 tu, jambo ambalo litawafurahisha wabebaji, lakini kasha la nyuma nalo linataka kushuka hadi lita 5. Spika ya inchi 12 haiwezi kuingia katika lita 5. Hesabu yenyewe inawaambia kwamba mdomo mdogo unahitaji spika ndogo, na mahali hapo mimi ningechukua ya inchi 10 au 8 na kuanza upya na namba zake.

Ikiwa spika za inchi 12 mmekwisha kuzinunua, kuna njia nyingine. Tengenezeni honi mbili za mdomo wa sentimita 35 kila upande na mzipange moja juu ya nyingine, midomo ikigusana, zikipiga sauti moja. Midomo miwili ikiwa pamoja hufanya kazi kama mdomo mmoja wa 35 kwa 70, unaolingana na hezi 198 hivi. Kila honi ichorwe kwa masafa hayo, urefu wake uwe sentimita 24, na kasha lake la nyuma liwe la lita 7.5. Zikitenganishwa hata kwa hatua chache jukwaani, faida hiyo inapotea.

SWALI: Nafundisha fizikia Nakuru, na wanafunzi wangu wamesoma kwamba honi ya traktriksi ni bora kuliko ya eksponensheli. Ni kweli?
Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, ni kweli kwa sehemu. Traktriksi ni mkunjo unaotokea pale mtu anapovuta kitu kwa kamba ya urefu usiobadilika huku yeye akitembea kwenye mstari ulionyooka, na wanafunzi wako wanaweza kuuchora mezani kwa uzi na kipande cha chaki. Paul Voigt ndiye aliyeutumia katika spika nchini Uingereza miaka ya 1920, akiwa na hoja kwamba wimbi ndani ya honi si bapa bali limevimba kama kibofu, na umbo la honi lapaswa kuufuata uvimbe huo hadi mdomoni, ambako ukuta unafunguka kabisa kuelekea pembeni.

Kwa hezi 180 na koo la sentimita za mraba 225, honi ya traktriksi ya mduara inapata nusu kipenyo cha mdomo cha sentimita 30.8, sawa na ile ya eksponensheli, ila urefu wake ni sentimita 31 badala ya 40. Ukingo wake uliojikunja huliachia wimbi kwa upole zaidi. Ugumu wake ni kwamba inadai kukerezwa au kuunganishwa kwa vipande vingi vya pembetatu ndefu, na seremala akikosea mkunjo, faida yote inayeyuka. Mwenye mashine ya kukereza aichague. Mwenye msumeno na klampu atafanya vyema zaidi na eksponensheli ya kuta mbili zilizopinda, akiongeza mdomoni mduara wa sentimita 4 au 5 unaogeuka nyuma, ambao unamsogeza karibu na kile Voigt alichokitafuta.

SWALI: Nimejenga honi ya sauti za kati ya sentimita 40 na nimeiweka juu ya kasha la besi, nyuso zao zikiwa sawa. Kila kimoja kinalia vizuri kikiwa peke yake, lakini vikilia pamoja sauti inakuwa na tundu kwenye hezi 250. Krosova yangu ni ya umeme, inayokata desibeli 24 kila masafa yanapobadilika maradufu.
Fundi mitambo, Arusha

JIBU: Koni ya sauti za kati imejificha sentimita 40 nyuma ya koni ya besi, na sauti yake inachelewa kwa milisekunde 1.15 hivi. Kwenye hezi 250, ambako mzunguko mmoja huchukua milisekunde 4, ucheleweshaji huo ni zaidi ya robo ya mzunguko, na tundu unalolisikia ndilo matokeo yake. Ikiwa krosova yako ina kichelewesho, icheleweshe besi kwa milisekunde hizo 1.15, na spika ya juu nayo uipimie kwa namna hiyo hiyo kulingana na kina cha honi yake. Ikiwa haina, sogeza kasha la besi nyuma hadi koni mbili zikae kwenye mstari mmoja wa wima.

Ili uhakikishe kwa sikio, geuza waya za honi ili chanya iwe hasi, piga mlio mmoja wa hezi 250, kaa mahali wanapokaa wasikilizaji, na umwambie msaidizi abadilishe ucheleweshaji polepole au asogeze kasha kidogo kidogo. Pale mlio utakapofifia kuliko pote ndipo spika mbili zinapofutana kikamilifu. Acha kipimo hapo hapo, kisha uzirudishe waya za honi kama zilivyokuwa.